Sehemu ya pili ilituvunja moyo, na sasa watu wanadai ya kwetu

"Kaka mkubwa, jambo. Sisi ni vijana saba wa Majengo, hapa Goma. Mwaka 2018 tuliangalia filamu ya Black Panther chumbani kwa jirani, kwa projekta ya kukodi, na usiku ule hakuna aliyetaka kwenda kulala. Miaka minne baadaye tukachanga pesa tena kwa ajili ya sehemu yake ya pili, Wakanda Forever. Tulitoka kimya. Ndefu, watu wengi, mara baharini, mara Marekani, na shujaa wetu T'Challa hayumo. Dada yangu peke yake alisema ni nzuri kuliko ya kwanza, lakini yeye alianza kulia tangu mwanzo (tulifiwa na kaka yetu 2019), kwa hiyo hatukumhesabu. Tukaapa kwamba sisi hatutafanya kosa lile. Sasa yametufika. Filamu yetu ya dakika 22 tuliyoipiga kwa simu, ya kijana wa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) anayevusha watu juu ya lava, imependwa kartie nzima, mtaa wote, na watu wanadai sehemu ya pili. Mwigizaji wetu mkuu amehamia Kampala kusoma. Mfanyabiashara mmoja anatupa dola 300 kama tutaweka duka lake ndani na mpwa wake awe shujaa. Senario, yaani maandishi ya filamu, tumeshaandika: adui mpya anatoka ziwani na gesi, ana nguvu kuliko lava. Je, sehemu ya pili huwa mbaya kila mara? Wale wenye pesa zote zile walikosea wapi, na sisi tufanyeje? Nakutumia filamu na senario."

Mdogo wangu, filamu yenu nimeiangalia mara tatu, mara mbili za mwisho nikiwa nimezima sauti. Ndivyo ninavyofanya kwenye meza ya montaji, ninapokata na kuunga filamu, miaka yote hii: picha ikisimama bila sauti, najua ipo. Senario nimeisoma mara moja tu, na nitakuambia kwa nini sikuirudia.

Nikikuelewa vizuri, kinachokunyima usingizi si adui wa ziwani wala mwigizaji aliyekwenda Kampala. Unaogopa kuwafanyia majirani zako kile mlichofanyiwa ninyi: kuwaita watu wakiwa na hamu, kisha kuwarudisha nyumbani kimya. Hofu hiyo naipenda, maana inaonyesha mnawaheshimu watazamaji wenu. Lakini imejengwa juu ya mambo ambayo mengine si kweli, na hayo tuyaondoe kwanza.

Wakanda Forever haikuanguka. Ilitoka Novemba 2022 na kuingiza karibu dola milioni 859 duniani. Angela Bassett, aliyeigiza malkia Ramonda, mama yake T'Challa, aliteuliwa kwa Oscar, na Ruth E. Carter akapata Oscar yake ya pili kwa mavazi. Ila ilikuja nyuma ya filamu iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, ikachukua Oscar tatu, na ikawa filamu ya kwanza ya mashujaa wenye nguvu za ajabu kuteuliwa kuwa filamu bora ya mwaka. Wala si kweli kwamba wenyewe walilewa sifa wakalegea. Ryan Coogler aliongoza zote mbili, na zote mbili aliziandika pamoja na Joe Robert Cole. Ni mikono ile ile. Na kwamba sehemu ya pili huwa mbaya kila mara, hapana: Spider-Man 2 ya mwaka 2004 na The Dark Knight ya mwaka 2008 wengi tunaziweka juu ya zile zilizozitangulia. Nitazirudia, kwa sababu ndani yake mna siri mnayoitafuta.

Sasa tuone jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Shuka Kituku, ufukweni mwa ziwa letu, alfajiri moja uwaulize wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Usiku mmoja nyavu zinajaa mpaka mitumbwi inakaa chini majini. Usiku ule mambo yalikutana: mwezi haukuwepo, maji yalitulia, taa hazikuzimika, samaki wakapita palepale. Usiku unaofuata wavuvi ni wale wale, nyavu ni zile zile, wimbo wa kupiga makasia ni ule ule, na samaki ni wachache. Hakuna anayesema wamesahau kazi. Mwingereza Francis Galton alilipima jambo hili katika urefu wa watu, akaliandika mwaka 1886: wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao. Kilicho cha ajabu sana hufuatwa na kilicho karibu zaidi na kawaida.

Sasa fikiria ni filamu zipi hupewa sehemu ya pili. Ni zile zilizojaza nyavu. Hakuna anayechanga pesa kuendeleza filamu ambayo hakuna aliyeipenda. Kwa hiyo kila sehemu ya pili, kabla mtu yeyote hajakosea lolote, inapimwa kwa usiku bora kuliko wote. Na usiku wa 2018 ulikuwa wa namna gani! Nchi ya Kiafrika ambayo haikutawaliwa na mtu. Madini yaliyobaki mikononi mwa wenyewe, na sisi tunaoishi chini ya vilima vinavyoelekea Rubaya, kwenye machimbo ya koltani, tulielewa hilo bila kuelezwa. Lugha ya isiXhosa masikioni mwa dunia nzima. Mtunzi wa muziki, Ludwig Göransson, aliyekwenda Senegal akazunguka na Baaba Maal kabla ya kuandika nota. Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, mwenye utulivu wa mfalme hata akiwa amekaa tu. Na Killmonger, adui ambaye nusu ya ukumbi ilikuwa inamuunga mkono. Mambo yote hayo hayakutani mara mbili kwa kuagizwa.

Tena ninyi hamkulinganisha filamu na filamu. Mlilinganisha filamu na kumbukumbu. Kwa miaka minne mmesimuliana ile ya kwanza, na kila mkisimulia mlikuwa mnakata. Kumbukumbu hukata vikali kuliko mimi: kati ya dakika 134 imewaachia labda 20, zote za moto. Kisha ikaja nyingine ya dakika 161, nzima, pamoja na pale watu wanapotembea tu kwenye korido. Jaribuni kuiangalia tena ile ya kwanza mkiwa na saa mkononi, mtaona nayo ina korido zake.

Hata hivyo, wavuvi na kumbukumbu wanaeleza nusu tu ya kimya chenu. Nusu nyingine ni ya ufundi, na hapo ndipo mnaweza kufanya kitu.

Hadithi nzuri ya shujaa huishia na deni. Shujaa ameshinda, watu wanaimba, lakini kuna kitu alichokikopa ili ashinde. Batman Begins ya 2005 inaisha na polisi Gordon akimwonyesha Batman karata iliyoachwa na mhalifu mpya. Kwa maneno mengine, umevaa barakoa, na wao watavaa. The Dark Knight ni malipo ya karata ile tangu mwanzo hadi mwisho. Spider-Man wa kwanza anaisha kwa kijana kumkataa msichana anayempenda, kwa ajili ya kazi yake. Wa pili anaanza kijana huyo huyo akiwa amechelewa, hana pesa, anafukuzwa kazi ya kupeleka piza, na baadaye hata nguvu zake zinamtoka. Adui yupo, mwenye mikono ya chuma, lakini hakuja kuwa mkubwa kuliko adui wa kwanza. Alikuja wakati deni limeiva.

Deni la Black Panther ni lipi? Kumbuka pale Killmonger anapokufa. T'Challa amemshinda, angeweza kumwacha chini kule mgodini, lakini anampandisha juu aone jua la Wakanda likizama, kwa sababu baba yake Killmonger alimwahidi uzuri huo tangu utotoni. Anampa nafasi ya kutibiwa, naye anakataa. Baada ya hapo T'Challa anakwenda Vienna, mbele ya Umoja wa Mataifa, kutangaza kwamba Wakanda haitajificha tena. Maneno ya adui yamembadilisha mfalme. Basi mtu mwenye mali iliyo chini ya ardhi akifungua mlango, nini kitaingia? Mwana wa Goma yeyote angelipa kiingilio ili aone jibu, na aliyepaswa kulijibu ni T'Challa mwenyewe.

Coogler alikuwa ameandika senario ya T'Challa na mwanawe. Boseman hakupata nguvu ya kuisoma. Alikufa tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana aliyogunduliwa nayo 2016 na kuificha muda wote ule. Filamu tuliyoishangilia aliicheza akiwa mgonjwa. Coogler mwenyewe hakujua. Amesema alikaribia kuacha kabisa kazi ya filamu.

Kwetu mtu akifa na deni, watu hukaa kilioni kwanza. Anayekuja na daftari la madeni siku ya mazishi atatolewa nje na wajomba. Wakanda Forever ililazimika kufanya yote mawili jioni moja, na hapo ndipo mlipoishiwa pumzi. Mwanzo wake ni wa kilio, na mimi nausifu bila kusita: Shuri, dada yake T'Challa, yuko maabara, mikono haitulii, sauti ya kompyuta inamwambia kaka yake anavyozidi kuzama, yeye anazidi kufanya haraka, mpaka mama anaingia na uso wake unamaliza maneno. Kisha mji mzima umevaa nyeupe. Kisha nembo ya kampuni inapita na picha za Boseman, bila muziki. Mimi nakata filamu, najua ni vigumu kiasi gani kumshawishi mwenye pesa akuachie kimya kama kile.

Na hapa, mdogo wangu, sikubaliani na ninyi kwamba dada hakustahili kuhesabiwa. Ninyi sita mlikwenda kumtafuta T'Challa. Yeye alikwenda akiwa tayari anajua nyumba inavyokuwa baada ya kaka kuondoka, na filamu ile ilimhudumia. Mpeni senario yenu aisome kabla ya mtu mwingine. Muulizeni ni wapi alisikia uongo. Kati ya watu wote unaowataja katika barua yako, yeye ndiye aliyeangalia kilichokuwepo kwenye ukuta, wengine mliangalia kilichokosekana.

Lakini baada ya kilio, daftari zikaja, tena si moja. Taifa zima la chini ya bahari pamoja na mfalme wake Namor, na ili tumwelewe ilibidi turudishwe mpaka enzi ya Wahispania kule Yucatán. Mwanafunzi Riri Williams, ambaye alikuwa anaandaliwa tamthilia yake mwenyewe iliyotoka 2025. Majasusi wa Marekani na ugomvi wao wa ndani. Kifo cha malkia. Shuri kuvaa vazi la Black Panther. Mtoto wa T'Challa mwishoni. Namor peke yake angetosha filamu nzima, na ni adui mzuri, kwa sababu yeye ndiye jibu la swali la mlango uliofunguliwa: Wakanda imejionyesha, dunia imeanza kutafuta madini yale kila mahali, na mwenzake aliyejificha ameguswa. Hilo ndilo deni halisi! Lakini analipishwa Shuri, ambaye hakulikopa, na anayelilipa huku hajamaliza kulia. Mnahisi mzigo bila kuona kamba iliyoufunga.

Nakwambia haya kwa sababu nimeshayafanya mwenyewe. Miaka iliyopita shirika moja lilitupa kazi ya mchezo mfupi wa video kuhusu kipindupindu. Tulimtunga mama muuza maji, mkali, anayekataa kumuuzia mtu maji yasiyotiwa klorini hata akibembelezwa. Watu walimpenda mpaka watoto wakaanza kuiga anavyoshika kiuno. Likaja agizo la sehemu ya pili, na agizo likaja na orodha: malaria, kunawa mikono, karo ya shule, ndoa za utotoni, kadi ya mpiga kura. Kila kimoja kilikuwa cha maana. Nilikata ile video kwa wiki tatu nikijaribu kuficha viraka. Siku tulipoionyesha Mugunga, mtoto wa kike aliyekaa chini mbele kabisa aligeuka, akamuuliza mama yake kwa sauti: "Yule mama wa maji yuko wapi?" Alikuwepo pale ukutani, anazungumza. Mtoto hakumwona, kwa sababu hakuwa na jambo lake tena, alikuwa anabeba ya watu.

Mkitaka mfano wa kujifunza, msiuendee Hollywood. Uko Walikale, kwa Wanyanga, katika utenzi wa Mwindo, ule mzee Rureke alioutamba mwaka 1956 ukaandikwa na kuchapishwa 1969. Sehemu ya kwanza mnaijua, au bibi zenu wanaijua: mtoto aliyezaliwa akitembea, baba yake anataka kumwua, anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, anamfuata baba mpaka kuzimu, anarudi naye, wanagawana utawala. Shujaa ameshinda. Msimulizi wa kawaida angetafuta adui mwenye nguvu kuliko baba. Na kweli linakuja zimwi, Kirimu, linameza watu, na Mwindo analiua upesi. Ningekuwa mwandishi mchanga ningefanya pambano lile lichukue nusu saa. Utenzi hauna haja nalo. Kirimu lilikuwa rafiki wa Nkuba, radi, na Nkuba anamchukua Mwindo juu angani mwaka mzima. Huko anapigwa na baridi, mvua, mawe ya barafu, jua kali. Yeye aliyezoea kuamuru hana wa kumwamuru. Anarudi nyumbani ndipo anatoa sheria kwa watu wake. Kiburi kilichomsaidia kushinda katika sehemu ya kwanza ndicho kinachomgharimu katika ya pili.

Basi turudi kwenye senario yenu. Nimeisoma mara moja kwa sababu mbili. Ya kwanza, ukurasa wa mwanzo mnamwua shujaa kwa sentensi moja ili muepuke tatizo la Kampala. Msimwue. Boseman alikufa kweli, Coogler hakuwa na njia ya kulikwepa. Wenu yuko hai, anatuma ujumbe wa sauti kila wiki. Mkimwua mtalazimika kukaa kilioni, na hamkujiandaa. Mkikiruka kilio, watu wa Majengo watawaona hamna adabu. Ya pili, adui wa gesi. Ni mkubwa kuliko lava, sawa, lakini hana uhusiano wowote na kijana wa chukudu. Angeweza kupigana na mtu yeyote.

Kuhusu mwigizaji, njia ni tatu na nitazisema kama ninavyoziona. Mnaweza kumweka mtu mwingine katika nafasi yake. Wakubwa wamefanya: Hulk wa Edward Norton wa 2008 alikuwa Mark Ruffalo 2012, na maisha yaliendelea. Inawezekana pale watu wanapopenda jina kuliko sura, na kwenu ni kinyume, kartie nzima inamjua kijana yule, wamemwona akinunua mandazi. Mnaweza kumngoja likizo. Hii ni ya uaminifu, lakini kundi la vijana saba likingoja mwaka mzima huwa limebaki na watatu. Au mnaweza kumpa hadithi mtu mwingine aliyekuwemo tayari ndani ya filamu ya kwanza. Mimi nachagua hii ya tatu, kwa sharti kwamba mtu huyo awe na shida yake mwenyewe, asiwe tu mvaa viatu vya mwenzake. Na ipo njia ya nne, ambayo si aibu: kutofanya. Dakika 22 zenu zimekamilika, hakuna anayewadai kwa haki. Kama baada ya kusoma yanayofuata hamwoni picha yoyote kichwani, acheni, tungeni kitu kipya.

Sasa fungueni filamu yenu, dakika ya 18. Mwanga mwekundu mlioupata kwa plastiki juu ya tochi, moshi wa nyasi mbichi. Kwa kweli nilisahau kwamba si lava, nikarudi usiku ule wa 22 Mei 2021. Shujaa anasukuma chukudu, bibi amekaa juu ya ubao na kuku mapajani. Upande wa kushoto, kwenye kichochoro, kuna mtoto wa kiume mwenye bidoni (dumu) ya manjano. Anaita. Shujaa hasimami, anageuza kichwa kidogo tu na kusema: "Narudi!" Ni sekunde mbili. Kisha tunafika ziwani, gurudumu la mbele linavunjika, watu wanambeba mabegani, wanaimba, mwisho.

Hakurudi.

Sijui kama mliandika neno lile au kijana alijitungia palepale. Nadhani alijitungia, maana kamera haikumngoja mtoto. Lakini mimi niliyeangalia bila sauti nilimwona mtoto akishusha bidoni chini, na tangu hapo sikuweza kufurahia nyimbo za mwisho. Hilo ndilo deni lenu. Kartie inadai sehemu ya pili, na huenda wengi hawajui wanadai nini, ila neno lile limebaki limening'inia.

Mtoto yule alinusurikaje? Nani alimvusha? Ameishi miaka gani akisikia watu wakimsifu aliyempita? Anaiona chukudu ile ya gurudumu moja imeegeshwa uani kwa bibi, na kila mtu anaigusa kama kitu kitakatifu, yeye peke yake hataki kuigusa. Shujaa ameondoka mjini. Hilo nalo ni kweli tupu, Goma nzima ina watu walioondoka wakisema watarudi. Ujumbe wake wa sauti kutoka Kampala unaweza kuwemo, mara moja tu, simu ikiwa mezani na mtoto akichagua kuusikiliza au kuufuta. Kwa hiyo mwigizaji wenu atakuwemo bila kupanda basi.

Gesi ya ziwani iacheni, na naomba hili mlichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika. Senario inasema mtapiga picha alfajiri, mmelala chini ndani ya mashimo ya lava, upande wa barabara ya Sake. Mazuku si hadithi. Ni hewa ya kabonidioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na asubuhi kabla upepo haujaamka. Haionekani, na aliyelala chini ndiye wa kwanza kuivuta. Msiende kabla hamjamwona shefu wa kartie ya pale, yeye anajua mashimo ambayo mbuzi wamefia, na watu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, muwaulize uso kwa uso. Wakisema hapana, ni hapana. Plastiki nyekundu na tochi zimewatosha mara ya kwanza.

Dola 300 ni pesa, sitawadanganya kwamba sanaa haili. Duka linaweza kuingia: mtoto anahitaji misumari na mpira wa gurudumu, anunue pale, picha moja, jina la duka lisomeke. Hilo ni la kweli na halimdhuru mtu. Mpwa kuwa shujaa, hapana, kwa sababu hapo mnauza kiti ambacho hadithi imeshampa mtu mwingine. Mpeni nafasi ndogo, mwone anavyofanya kazi. Na msipokee hata franka moja bila karatasi inayosema filamu ni ya nani, nani anaweza kuionyesha, na pesa za maonyesho zinagawanywaje. Mkikaa kuandika karatasi hiyo awepo mtu anayejua sheria. Kuhusu haki za watunzi chama cha nchi ni SOCODA. Ninyi ni saba na mmoja yuko Kampala, mambo haya huvunja urafiki kuliko senario mbaya.

Mkimaliza kuandika upya, msinitumie mimi kwanza. Someni kwa sauti mbele ya watu kumi, dada akiwemo, na watu wa Yole!Africa mkiweza kuwapata, maana wamefundisha vijana wengi wa mji huu kushika kamera. Msiwaulize kama wamependa. Angalieni ni wapi wanaanza kugusa simu zao, wekeni alama pale.

Kuna jambo moja nimelifikiria tangu jana. Yule mtoto wa bidoni, kama ni wa jirani kama wengine wote, sasa atakuwa amerefuka. Huenda sauti imeanza kuvunjika. Mkamtafuteni wiki hii, kabla hajafanana na mtu mwingine kabisa, na mkimpata msimwambie chochote kuhusu senario. Mwonyesheni dakika ya 18 kwenye simu, muulizeni alikuwa anataka kusema nini wakati ule alipoita, na mwacheni azungumze.